Kutoka Ibumba hadi Jina Rasmi: Ufinyanzi na Lugha ya Sera nchini Rwanda

Kiwanda cha De Porceleyne Fles cha Delft, Uholanzi, huhesabu umri wake tangu mwaka 1653, kwa kuwa kina jina na alama ya biashara. Ufinyanzi wa Rwanda ni mkongwe zaidi: vigae vya aina ya Urewe vilivyofukuliwa nchini humo vina umri unaozidi miaka 1,500. Hata hivyo, hauna mwaka wa kuasisiwa wala mhuri. Sehemu kubwa ya historia yake imo katika maneno.

Kitenzi cha Kinyarwanda kubumba, kinachohusiana na nomino ibumba, yaani udongo wa kufinyangia, kina asili moja na umba cha Kiswahili. Kiswahili kimelipandisha neno hilo hadi kwa Muumba, na kazi ya udongo ikaachiwa finyanga. Kinyarwanda kimelibakiza mikononi mwa mfinyanzi, lakini bila hadhi. Watwa waliofinyanga inkono za kupikia na ibibindi vya pombe walidharauliwa, hata majirani wakakataa kula nao chombo kimoja.

Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, dola liliondoa utambulisho wa kikabila katika vitambulisho. Katiba ya mwaka 2003 ilizungumzia jamii zilizoachwa nyuma kihistoria. Shirika la CAURWA, ambalo jina lake lilitaja wenyeji wa asili, lilionekana kukiuka msimamo huo. Mwaka 2007 likawa COPORWA, Jumuiya ya Wafinyanzi wa Rwanda. Kazi iliyokuwa sababu ya dharau ikawa jina linalokubalika kisheria.

Jina hilo lilipatikana wakati kazi yenyewe ikififia. Vyombo vya plastiki na bati vilikwisha kutwaa soko, na mabonde oevu yanayotoa ibumba yalikuwa yakigeuzwa mashamba; sheria ya ardhi ya mwaka 2005 iliyaweka chini ya milki ya dola.

Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi mwaka 2017, suala hili liliwafikia wafasiri pia. Kutafsiri jamii hiyo kuwa "wafinyanzi" tu kunachanganya kazi na nasaba: aliyeacha udongo hatajwi tena, ilhali umaskini wake haujaondoka. Inafaa istilahi za sera zitenganishe mambo mawili: haki ya mfinyanzi kupata ibumba, na haki ya jamii iliyoachwa nyuma kupata ardhi, elimu na heshima, iwe inafinyanga au haifinyangi.