Mzingile: Maana na Asili ya Neno

Maneno mengine hudumu katika lugha kwa kutumiwa kila siku; mengine hudumu kwa kuhifadhiwa tu. Neno mzingile ni la kundi la pili. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, iliyojengwa juu ya kazi ya A. C. Madan, inalitaja pamoja na umbo lake refu, mzingile mwambiji, kwa maana ya njia zenye kupotezana na pia ya fumbo. Hata hivyo, watafsiri wengi wanapokutana na dhana hiyo katika lugha za Ulaya, ama hukopa neno la Kigiriki, ama huandika maelezo marefu, kana kwamba Kiswahili hakina jina la kitu hicho.

Mzizi wa neno hili ni kitenzi zinga, chenye maana ya kugeuka na kwenda kwa kupinda. Katika matumizi ya kawaida kitenzi hicho kimefifia, lakini kizazi chake ni kikubwa. Humo mna zingo, yaani pindo la njia au la mto. Mna zingia na zingira, yaani kuzunguka kitu pande zote. Mna mazingiwa, hali ya mji uliozungukwa na adui. Na mna mazingira, ambalo leo ni istilahi ya kila darasa. Mwanafunzi anayetamka mazingira anatumia mzizi uleule wa mzingile bila kujua.

Hapa pana haja ya tahadhari. Zunguka na kizunguzungu yanafanana na zinga kwa sauti na kwa maana, lakini ujirani si undugu. Kufanana kwa konsonanti peke yake hakutoshi kuthibitisha asili moja, maana irabu ya mzizi ina kanuni zake. Vilevile, mwisho wa neno, -ile, unakumbusha kiambishi cha hali timilifu kilichomo katika tungo za kale za pwani ya kaskazini. Kukumbusha, hata hivyo, si kuthibitisha.

Ulinganisho na Kiingereza unafunza jambo. Neno maze, katika Kiingereza cha zama za kati, lilihusu kwanza hali ya akili: kuduwaa, kupumbazwa, kudanganyika. Undugu wake na amaze ungali dhahiri. Baadaye ndipo lilipopewa njia zenyewe zinazomduwaza mtu. Kiingereza, basi, kilianzia moyoni mwa aliyepotea kikaishia njiani. Kiswahili kimeanzia katika mwendo wa njia, na fumbo likafuata.

Tofauti hiyo si ya wanakamusi pekee. Mwaka 1991 Euphrase Kezilahabi, mwandishi kutoka Ukerewe aliyefariki mwaka 2020, alichapisha riwaya fupi aliyoiita Mzingile, mwenzi wa Nagona. Msomaji anayelichukua jina hilo kwa maana ya fumbo tu hutafuta jibu, na asipolipata huilaumu kazi kwamba haieleweki. Anayeukumbuka mzizi wake huisoma kwa namna nyingine. Fumbo hufumbuliwa, na likishafumbuliwa limekwisha. Mzingile hupitwa kwa miguu, na kurudi pale ulipokwisha kupita ni sehemu ya safari. Katika riwaya ambayo wakati wake haufuati mstari mmoja na ambayo msimulizi wake yumo safarini, maana ya pili ndiyo inayofungua mlango.

Ndipo thamani ya etimolojia inapoonekana. Haimwamuru mzungumzaji wa leo atumie neno kama walivyolitumia wahenga, kwa kuwa maana hubadilika, na mazingira ni shahidi. Inachofanya ni kurudisha mkononi mwa msomaji chombo kilichokuwa kimewekwa darini. Lugha inayokopa neno kwa sababu hailo haina kosa. Inayokopa kwa sababu imesahau lake hupoteza pamoja na neno njia nzima ya kufikiri.