Vumbi Jeusi la Rimu: Limetoka Wapi, na Tulisafisheje Bila Kujidhuru

Leo naomba tuiache mihogo na maharage kidogo, tuzungumzie gari linalobeba hayo mazao.

Kiangazi kilichopita nilikuwa Kibondo kikazi, nikasimama mahali vijana wanapoosha magari ili pikipiki yangu nayo isafishwe. Pembeni kulikuwa na Fuso lililotoka kushusha mzigo. Kijana mmoja akafungua dramu ya gurudumu la nyuma, akavuta bomba la kompresa na kupuliza. Likatoka wingu la vumbi jeusi, likamfunika yeye pamoja na mwenzake aliyekuwa anakula muhindi wa kuchoma hatua tatu tu kutoka pale. Nilipomwambia lile vumbi si zuri, akacheka: "Bwana shamba, vumbi ni vumbi tu. Mbona hili la barabarani tunalila kila siku?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwahidi nitaliandika, nawe ulisome, kwa sababu jibu lenyewe ni historia.

Breki zilianza na mbao na chuma

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Treni za zama hizo zilisimama kwa kipande cha chuma kilichobanwa kwenye gurudumu la chuma, na vumbi lake lilikuwa chuma kilichosagika. Mikokoteni ya farasi kule Ulaya ilitumia gogo la mti. Wakati huo huku kwetu Buha mizigo mingi ilikwenda kichwani na begani, na wazee wetu walitembea kwa miguu siku nyingi kwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Breki haikuwa habari yetu.

Magari yalipoongezeka mwendo na uzito, mbao zikawa zinaungua. Mwaka 1897 Mwingereza mmoja, Herbert Frood, alianza kutengeneza vitambaa maalumu vya breki katika eneo la vilima la Derbyshire. Inasimuliwa kwamba aliwaona wenye mikokoteni wakibana viatu vikuukuu kwenye breki ili washuke mlima salama. Vitambaa vyake vya kwanza vilishindwa kuhimili joto kali. Mwaka 1908 kampuni yake, Ferodo, ikaanza kutumia asbesto.

Asbesto ni jiwe lenye nyuzi. Unaweza kulichambua kama pamba, ukalisokota na kulifuma, na moto haulichomi. Kwa mtengeneza breki ilikuwa kama dawa aliyoitafuta miaka mingi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, malori, mabasi na magari madogo duniani kote yalifungwa lainingi za asbesto, na mara nyingi karibu nusu ya uzito wa lainingi ilikuwa jiwe hilo. Magari ya namna hiyo ndiyo yaliyofika hata kwetu.

Mapafu yalisema mapema, sheria ikachelewa

Mwaka 1924 mwanamke aitwaye Nellie Kershaw alifariki dunia huko Rochdale, Uingereza, akiwa na miaka 33. Alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha asbesto tangu utotoni. Daktari William Cooke alichunguza mapafu yake, akakuta yamejaa makovu na chembe za jiwe lile. Mwaka huohuo aliandika habari zake katika jarida la madaktari. Mwaka 1930 ripoti ya serikali ya Uingereza ikathibitisha kwamba wafanyakazi wengi wa viwanda hivyo walikuwa wanaugua, na mwaka 1931 zikatungwa kanuni za kupunguza vumbi viwandani.

Angalia neno hilo: viwandani. Fundi wa gereji anayepuliza dramu hakuwamo kwenye kanuni zile.

Jambo la pili lilitoka Afrika. Mwaka 1960 Daktari J. C. Wagner na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu, wengi wao kutoka eneo la migodi ya asbesto kaskazini mwa Cape, Afrika Kusini. Si wote waliowahi kuchimba. Baadhi waliishi tu karibu na mgodi, wengine walicheza pale wakiwa watoto. Na ugonjwa ulijitokeza miaka 20, 30, hata 40 baadaye.

Hapo ndipo jibu la yule kijana lilipo. Vumbi jekundu la barabarani nalo si la kulichekea, lakini unaliona, linakukohoza siku hiyohiyo, unafunga dirisha. Uzi wa asbesto ni mwembamba kiasi kwamba huuoni. Hauwashi wala haukohozi. Unakaa ndani ya pafu, na majibu yake huja wakati umeshasahau ile gereji.

Nisikutishe kupita kiasi. Joto la breki hugeuza sehemu kubwa ya nyuzi hizo kuwa kitu kingine kabla hazijatoka, na tafiti kuhusu mafundi wa breki hazikukubaliana zote. Lakini si nyuzi zote zinazogeuka, na anayepiga msasa lainingi mpya anapata zile ambazo hazijaguswa na moto. Nchi nyingi ziliona ni afadhali kuacha: Uingereza ilikataza asbesto nyeupe mwaka 1999, Umoja wa Ulaya wote ukafuata mwaka 2005, na Afrika Kusini yenyewe mwaka 2008. Si nchi zote zilizokataza, na spea zinasafiri. Ukishika pedi mkononi, macho hayawezi kukuambia ina asbesto au haina.

Na pedi za siku hizi?

Diski zilipoanza kuchukua nafasi ya dramu kwenye magurudumu ya mbele, miaka ya 1950 na kuendelea, vumbi lilitoka nje tukaanza kuliona kwenye rimu. Dramu hulificha mpaka siku ya kufungua. Ule weusi wa kwenye rimu kwa sehemu kubwa ni chembe za chuma cha diski na za pedi. Zinatoka zikiwa za moto, zinang'ang'ania rangi, kisha zinapata kutu. Ndiyo maana rimu iliyoachwa mwezi mzima haitakati kwa maji matupu.

Pedi nyingi ziliwekewa pia shaba. Mwaka 2010 majimbo ya California na Washington huko Marekani yalitunga sheria za kuipunguza, kwa sababu mvua iliisomba kutoka barabarani hadi mitoni na kudhuru samaki. Nasi tunaotegemea Malagarasi na vijito vyake tuliweke hilo akilini.

Huku kwetu magari yaliongezeka sana tangu miaka ya 1990, wakimbizi wa Burundi na Kongo walipopokelewa, na tena mwaka 2015 Nyarugusu na Nduta zilipofurika. Milima ya Kasulu inakula breki. Kazi ya kuosha na kutengeneza magari imelisha familia nyingi, na mimi mwenyewe ada yangu ya sekondari ilitoka gereji ya mjomba. Nilikuwa spanaboi wake wakati wa likizo, na dramu nilipuliza kwa mdomo. Mjomba alifariki kwa kifua. Alivuta sigara pia, na hakupimwa sawasawa, kwa hiyo siwezi kusema ni breki. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyetuambia.

Fanya hivi

1. Acha gurudumu lipoe kabisa. Maji baridi kwenye diski ya moto yanaweza kuipinda.
2. Usipulize kwa kompresa wala kwa mdomo, na usifagie kwa brashi kavu.
3. Lowesha kwanza kwa maji ya sabuni, taratibu, yakitiririka. Presha kubwa ya maji mwanzoni hurusha vumbi.
4. Futa kwa kitambaa kibichi cha kazi hiyo tu. Usitumie petroli. Dawa kali za tindikali huharibu rimu na mikono.
5. Ukifungua dramu, watu wasogee, chakula kiondoke. Kitambaa puani hakizuii chembe hizi. Barakoa ya N95 inayobana vizuri ni afadhali kuliko kitambaa, lakini si kinga ya kutosha dhidi ya asbesto.
6. Vitambaa vichafu viweke vikiwa vibichi kwenye galoni lenye mfuniko. Usivichome.
7. Osha mikono na uso, badili nguo kabla ya kwenda nyumbani kubeba mtoto.
8. Osha gari mbali na kijito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka chanzo cha maji.
9. Kabla ya kuondoka, kanyaga breki mara kadhaa kwa mwendo mdogo zikauke.

Ndoo ya maji na sabuni havizidi bei ya soda mbili. Wewe mwenye gari, ukimpelekea kijana gari lako, mwambie alilowanishe kwanza, hata kama itachukua dakika kumi zaidi. Msubiri.