Namna proteini zinavyopata kikao katika utando wa ndani wa kiini

Tulipokuwa tukisoma filosofia tulizoezwa kuuliza juu ya kila kitu: kipo wapi, na kwa sababu gani kipo pale, si pengine? Swali hilo hilo wenye elimu ya uhai wamejiuliza juu ya kitu kidogo sana. Tungependa kueleza kwa kifupi namna walivyolitafutia jibu, maana katika habari hiyo mna fundisho, tena mna maisha ya watu.

I. Nyumba yenye kuta mbili

Mwili wetu umejengwa kwa seli zisizohesabika. Mwaka 1831 Robert Brown, Mskoti mwenye kuchunguza mimea, alitambua kwamba ndani ya seli za maua mna kitu cha mviringo, akakipa jina la kiini. Baadaye ilijulikana kwamba humo ndimo unamotunzwa urithi tunaopokea kwa wazazi. Lakini ngozi ya kiini ni nyembamba mno. Ilibidi kungojea mikroskopi ya elektroni. Mwaka 1950 H. G. Callan na S. G. Tomlin, wakichunguza mayai ya wanyama wa jamii ya chura, waliona kwamba ngozi hiyo ni tando mbili, si moja.

Mwaka 1955 Michael Watson aliongeza mambo mawili. Kwanza, utando wa nje unaendelea moja kwa moja na tando nyingine zilizoenea katika seli. Pili, tando mbili za kiini zinaungana penye ukingo wa kila tundu lake. Maana yake ni hii: kilicho katika utando wa nje chaweza kupinda ukingoni mwa tundu na kufika katika utando wa ndani, bila kuuacha utando hata kidogo.

II. Anwani, au jembe?

Proteini ndizo wafanyakazi wa seli. Zile za utando wa ndani hutengenezwa nje, kwenye tando zilizoenea katika seli. Kiisha zinapaswa kusafiri. Je, nani anazionyesha njia? Mwaka 1971 Günter Blobel, Mjerumani aliyefanya kazi New York, alitoa pamoja na David Sabatini wazo kwamba proteini huchukua mwilini mwake alama ya pahali pa kwenda, kama barua inavyochukua anwani. Wazo hilo lilithibitishwa, naye akapewa tuzo la Nobel mwaka 1999. Basi ilikuwa rahisi kudhani kwamba proteini za utando wa ndani nazo huongozwa na anwani tu.

Lakini mwaka 1990 Powell na Burke waliunganisha seli mbalimbali hata zikawa seli moja yenye viini zaidi ya kimoja. Proteini ya utando wa ndani wa kiini kimoja ikaonekana katika kiini cha jirani. Kumbe, haikufungwa daima! Wakaelewa hivi: proteini hutembea huku na huku juu ya tando hata ifike ndani, ikikuta huko mwenzake wa kushikana naye, kama vile lamini, zile nyuzi zinazotegemeza kiini kwa ndani, hubaki. Isipomkuta, hurudi. Wazee husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Proteini hiyo ni mgeni anayekaa kwa sababu amepewa jembe.

Mwaka 1995 Soullam na Worman waliikuza sehemu ya proteini inayoelekea ndani ya kiini. Ilipozidi kiasi, proteini haikufika, maana njia ya ukingoni mwa tundu ni nyembamba. Mwaka 1997 Jan Ellenberg na wenzake waliunganisha proteini ya namna hiyo na nyingine ing'aayo kijani, wakaitazama katika seli hai: nje ilikwenda upesi, kwenye kiini ilitulia.

Je, anwani haina kazi? Mwaka 2006 Megan King, Patrick Lusk na Blobel mwenyewe walionyesha kwamba katika chachu proteini mbili, Heh1 na Heh2, zina anwani kweli, nazo hushikwa na wachukuzi wale wale wanaopitisha proteini nyingine kwenye matundu. Lakini mwaka 2015 kazi mbili, ya Boni na ya Ungricht pamoja na wenzao, zilionyesha kwamba katika seli za binadamu kutembea na kushikwa kwatosha kueleza proteini walizozipima. Kila upande ulishika sehemu ya kweli. Kosa lingekuwa kutaka sehemu iwe yote.

III. Proteini iliyokosa kikao

Mtu atasema: haya yatufaa nini? Mwaka 1966 Emery na Dreifuss walieleza ugonjwa wa jamaa moja ya Marekani: tangu utoto wavulana walikakamaa viwiko na visigino, kiisha misuli ikadhoofika. Hatari kubwa ni moyo, kwa sababu mapigo yake hupotea, na kijana aweza kufa ghafula. Mwaka 1994 Bione na wenzake, nchini Italia, walipata urithi ulioharibika. Proteini yake ikaitwa emerini. Mwaka 1996 ilionekana kwamba kikao chake ni utando wa ndani wa kiini. Na mwaka 1999 Sullivan na wenzake waliwanyima panya lamini A: emerini ikakosa wa kuishika, ikatawanyika katika tando za nje, na misuli ya panya ikaharibika.

Dawa ya kuuponya ugonjwa huo haipo. Lakini chombo kidogo cha umeme kikiwekwa kifuani chaweza kuutunza mwendo wa moyo. Ugonjwa huo ni wa nadra. Hata hivyo, padri au katekista akimkuta kijana asiyeweza kunyoosha viwiko, anayetembea kwa ncha za vidole, na ambaye mjomba wake alikufa ghafula, asikubali maneno ya uchawi yanayogawanya jamaa. Ampeleke kwa daktari apimwe moyo, na ndugu zake vilevile. Tumeona chanzo kinaweza kuwa nini: proteini moja iliyokosa kikao chake.