Kumbe Ilikuwa Ndoto?

Ndugu msomaji, umeshasoma hadithi ngapi zinazoishia hivi: mtu anakimbizwa, anakabwa, roho inakaribia kutoka, halafu anashtuka, kumbe ilikuwa ndoto? Mimi zimenichosha. Mwandishi anaianzisha shida mwenyewe, halafu anaikimbia. Hebu tuwatazame watu wawili waliokataa kukimbia, zaidi ya miaka 80 iliyopita.

Mwaka 1943, jijini Los Angeles, Maya Deren na mumewe Alexander Hammid walitengeneza sinema ya dakika 14 hivi, Meshes of the Afternoon. Deren alizaliwa Kiev mwaka 1917, akapelekwa Marekani angali mtoto. Alisomea fasihi na alikuwa akiandika mashairi. Hammid alikuwa mtengenezaji wa filamu aliyetoka Chekoslovakia. Studio kubwa za Hollywood zilikuwa palepale jirani, lakini wao walitumia nyumba yao, kamera ndogo ya milimita 16, na kuigiza wakaigiza wenyewe.

Mwanamke anarudi nyumbani, anasinzia kitini. Ndotoni anamfukuzia mtu wa joho jeusi, ambaye mahali pa uso pana kioo. Hamfikii. Anaingia ndani, anachungulia dirishani, anajiona mwenyewe kule nje akifukuza tena! Kila mzunguko anaongezeka mwanamke mwingine, hadi wanakaa watatu mezani, na wote ni yeye.

Uchawi? Wapi! Walipiga picha huku sehemu ya lenzi imezibwa, wakarudisha mkanda nyuma, wakaziba sehemu nyingine, wakapiga tena juu ya mkanda uleule. Ukikosea kidogo tu, kazi imeharibika. Na vitu ni vilevile: ufunguo, kisu, ua, simu. Ufunguo unatoka mdomoni, mara umekuwa kisu. Kumbukumbu nayo ndiyo kazi yake hiyo, kurudia vitu vya zamani na kuvigeuza kidogo kila mara. Kwa hiyo ndoto yao ina utaratibu mkali kuliko hadithi nyingi za watu walio macho.

Basi mwanamume anamwamsha. Tunashusha pumzi: kumbe ilikuwa ndoto! Thubutu. Ua lililo kitandani linageuka kisu, mwanamke anampiga nacho usoni, na uso unavunjika kama kioo. Nyuma yake ni bahari. Mwanamume anaingia nyumbani kwa mara nyingine, anamkuta kitini, amekufa, pamoja na vipande vya kioo.

Mwaka 1946 Deren hakungoja wenye majumba ya sinema wamwite. Alikodi ukumbi wa Provincetown Playhouse, New York, akaonyesha filamu zake mwenyewe.

Waandishi wenzangu, ndoto tuziandike, hakuna aliyetukataza. Ila mhusika wako akiamka, awe ameamka na kidonda. Kama hana, msomaji atakuuliza ulimkimbiza wa nini.