Hesabu ya Wati: Nasaba ya Kompyuta za Michezo Kibirichia

Kibirichia ni mji mdogo wa soko ulioegemea bega la kaskazini la Mlima Kenya, katika Buuri, Kaunti ya Meru. Na mgeni apitaye hapo msimu wa mavuno, akaona magunia ya viazi ulaya yamepangwa kando ya barabara yakingojea malori ya Nairobi, hawezi kudhani kwamba nyuma ya duka la pembejeo, au katika chumba cha mabati kilicho hatua chache kutoka jikoni, yumo kijana aliyelifungua tumbo la kompyuta kuukuu ya ofisi fulani ya Uingereza, anapima kwa kidole nafasi ya kupenyeza kadi ya grafiksi, apate kuucheza mchezo ambao vijana wa Ulaya waliumaliza zamani na kuusahau. Kazi hiyo, ijapokuwa yaonekana kuwa ya jana, ina nasaba. Na nasaba yake, kwa maoni yangu, haianzii kwenye kompyuta hata kidogo, bali yaanzia kwenye hesabu ya wati, ambayo watu wa Meru waliijua mapema kuliko wakazi wengi wa mashambani katika Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1984, katika shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, iliyokuwa ndani ya wilaya ya Meru ya wakati ule, palikuwa na shauri la kununua jenereta ya dizeli ili wanafunzi wapate nuru ya kusomea usiku. Mark Hankins, Mmarekani aliyekuwa akifundisha hapo kwa kujitolea, pamoja na Harold Burris, Mmarekani mwenziwe aliyekuwa na elimu ya uhandisi, waliwashawishi wenye shule wajaribu paneli za jua. Na taa zilipowaka madarasani pasipo kelele wala moshi, walimu hawakukawia kuuliza bei ya kuziweka majumbani mwao. Mafundi wenyeji wakafunzwa kufunga waya na kutunza betri, maduka yakazifuata fedha za kahawa na chai, na kabla ya karne kwisha Kenya ikawa inatajwa ulimwenguni kuwa miongoni mwa nchi ambazo raia wa kawaida hununua umeme wa jua kwa mfuko wake mwenyewe, bila kungoja serikali wala mfadhili.

Sasa tazama mafunzo yaliyokuwamo ndani ya jambo hilo. Paneli ndogo iliyopendwa ilikuwa ya wati 12 hivi, na jua la muda wa saa tano lilikusanya katika betri ya gari kiasi cha wati-saa 60, ambacho upotevu wake haukosi. Televisheni ya rangi nyeupe na nyeusi ya inchi 14 ikila wati 15, mwenye nyumba alijua kwamba ana saa mbili au tatu za kutazama, na kwamba kila taa iwakayo jikoni inaikata taarifa ya habari kabla ya mwisho wake. Betri ikilegea, ilibebwa kwa baiskeli au kwa mkokoteni hadi kwenye mashine ya posho au kituo cha mafuta ikachajiwe. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo alijua, bila kufunzwa na mwalimu wa fizikia, kwamba umeme una kipimo, na kwamba chombo kiingizwacho nyumbani sharti kiulizwe kwanza hula kiasi gani. Stima ya gridi ilikawia mno kuvifikia vijiji: Mamlaka ya Kusambaza Umeme Vijijini ilianza kazi mwaka 2007, na mpango wa kuziunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma ukaanza 2015. Kwa hiyo kizazi kizima kilipata hesabu kabla ya kupata waya.

Kompyuta zenyewe zilipanda kuja Meru kwa mlango wa ofisi: za kupiga chapa barua, za hesabu za vyama vya ushirika, za masijala. Intaneti ilipoanza kuuzwa kwa umma nchini katikati ya miaka ya 1990, pakazuka katika miji ya wilaya vile vyumba viitwavyo saiba, ambamo mtu alilipia kwa dakika. Na mwaka 2002 likaanzishwa shirika la Computers for Schools Kenya, lililopokea mashine zilizotumika, likazitengeneza upya na kuzipeleka mashuleni. Ndipo vijana wengi walipoigusa kibodi kwa mara ya kwanza, na ndipo, mwalimu akigeuka kuandika ubaoni, mchezo ulipoanza: kwanza karata zilizokuja pamoja na mashine, kisha vitu vilivyoingizwa kwa siri kwa sidii na baadaye kwa flashi.

Vilivyoingizwa kwa siri ndivyo vilivyozaa ufundi. Mchezo wa GTA Vice City, uliotoka kwa kompyuta mwaka 2003, ulidai Pentium III ya megahezi 800, RAM ya megabaiti 128 na kadi ya grafiksi ya megabaiti 32. San Andreas, uliofuata mwaka 2005, ukataka RAM maradufu, kadi maradufu, na gigabaiti karibu nne za nafasi. Mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya kuandika barua ilikuwa nayo yote hayo isipokuwa moja au mawili, na hayo moja au mawili ndiyo yaliyomtuma kijana kwa fundi kuuliza. Akajua kwamba RAM huchomolewa na kuchomekwa. Akajua kwamba si kila kipande hukaa katika kila tundu. Akajua, kwa hasara ya kwanza, kuligusa bati la kasha kabla ya kukigusa kipande, ili umeme ulioganda mwilini usikiue. Wazee waliona upuuzi mtupu. Mimi naona kwamba darasa la kompyuta lilimfundisha kuandika jina lake kwa herufi nene, na mchezo ukamfundisha mashine.

Yafaa nieleze mashine hizo hutoka wapi, maana hapo ndipo siri ya bei ilipo. Makampuni ya Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta za ofisi kila baada ya miaka michache, si kwa sababu zimeharibika bali kwa sababu mkataba umekwisha au programu mpya imezikataa; nazo hukusanywa, zikasuguliwa, zikajazwa katika makontena yanayoshuka Mombasa, mengine yakiisha kupita Dubai, katika njia ile ile ya bahari ambayo tangu zama za majahazi huleta huku vitu ambavyo wenye navyo wamevichoka. Kutoka bandarini hupanda hadi Nairobi, katika maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue, ambako huitwa ex-UK, sifa ambayo muuzaji huitamka kwa fahari kana kwamba ni cheti cha ukoo bora. Uganda ilitangaza mwaka 2009 kuvizuia vyombo vya umeme vilivyotumika, kompyuta zikiwamo, kwa hofu ya taka. Hofu hiyo haikuwa ya bure, lakini Kenya iliuacha mlango wazi, na anayeijua Kibirichia ajua ni nani aliyepita katika mlango huo.

Mtu akizitazama tarehe, ataona kwamba mawimbi ya mitumba hii hufuata kalenda ya Microsoft zaidi ya kalenda ya mtu mwingine yeyote. Windows XP iliachwa Aprili 2014, na mashine za Core 2 Duo zikazagaa. Windows 7 ikaachwa Januari 2020, na zikafuata zile za Core i5 za kizazi cha pili na cha tatu, ambazo kwa mchezaji mwenye mfuko mwepesi zilikuwa neema kubwa kuliko zote zilizotangulia.

Njia ya kuzifikisha mlimani nayo ilikuwa imelainika. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mtu wa Buuri aliweza kumlipa muuzaji wa Nairobi bila kuondoka shambani, na kifurushi kikapakiwa katika matatu za Meru pale kituo cha Tea Room jijini, kikafika jioni ile ile kimeandikwa jina na nambari ya simu kwa kalamu ya wino mzito. Mwaka 2009 nyaya za baharini zilifika Mombasa, mmojawapo ukitoka Fujairah katika Ghuba, na intaneti ikashuka bei. Walakini haikushuka kiasi cha mtu kupakua GTA V, uliotoka kwa kompyuta mwaka 2015 ukiwa na gigabaiti 65. Mzigo wa namna hiyo uliendelea kusafiri ndani ya diski mfukoni, kutoka mjini hadi kijijini, na sitajifanya kwamba kila nakala ilikuwa imelipiwa.

Lakini fedha hupatikanaje? Hapa lazima nirudi kwenye viazi. Kibirichia huvuna mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, na kiazi hukaa ardhini miezi mitatu au minne. Maziwa huleta malipo ya mwezi, nayo huishia kwenye karo na unga, bali kiazi huleta fedha kwa mkupuo, na mkupuo huo hauna uhakika, kwa kuwa bei ya gunia huweza kuanguka mashamba yote yakiiva pamoja, na kwa kuwa wanunuzi walizoea kwa miaka mingi kulifanya gunia lirefuke kwa kulishonea kilemba, mpaka kanuni za mwaka 2019 zikaweka kikomo cha kilo 50, ambacho kila mtu anakijua na si kila mtu anakifuata. Kwa sababu hiyo, hakuna anayenunua kompyuta ya michezo kwa siku moja. Msimu wa kwanza hununuliwa kasha na prosesa yake. Msimu wa pili RAM. Bei ikiwa mbaya msimu wa tatu hupita mtupu. Kisha huja diski ya SSD, na mwisho kadi. Nchi nyingine watu hufanya orodha ya vipande na kuviagiza vyote pamoja, kisha wakaviunganisha Jumamosi moja. Hapa mashine hukua, na mwenyewe huijua kila hatua, maana amecheza kwa upungufu wa kila hatua.

Chukua mfano wa mashine ninayoipenda kuliko nyingine zote katika historia hii, Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, lile kasha jembamba. Ndani mna Core i5-3470 yenye viini vinne, ambayo hula mpaka wati 77. Na kisanduku cha umeme, kile ambacho mafundi hukiita pawasaplai, hutoa wati 240 kwa jumla. Tundu la kadi ya grafiksi lenyewe, kwa kanuni ya utengenezaji, haliruhusiwi kutoa zaidi ya wati 75, na hakuna waya wa ziada wa kuilisha kadi kubwa. Kwa hiyo mtu huketi na kalamu kama mwenye paneli ya mwaka 1984: kadi ya GTX 750 Ti ya mwaka 2014 hula wati 60, yafaa, GTX 1050 Ti ya 2016 hula 75, yafaa kwa shida, GT 1030 ya 2017 hula 30 tu, nayo hata pawasaplai iliyozeeka huibeba. Kisha huja swali la urefu, kwa sababu kasha hilo hupokea kadi fupi peke yake, na kibati cha nyuma sharti kibadilishwe kwa bisibisi. RAM huwekwa vipande viwili vilivyo sawa badala ya kimoja kikubwa, ili prosesa ivisome kwa pamoja. Tofauti yake huonekana katika mchezo upesi kuliko katika barua. Ile RTX 4090 iliyotoka mwaka 2022 hula wati 450 peke yake, karibu maradufu ya uwezo wa mashine nzima ya Kibirichia, na habari zake husomwa huku kama zisomwavyo habari za farasi wa wafalme.

Hila pia zipo, na hila moja yastahili kutajwa kwa kuwa imewaumiza wengi. Mwaka 2018 GT 1030 ilitolewa tena kwa jina lile lile, lakini kumbukumbu yake ikiwa ya aina dhaifu, ambayo upana wa kupitisha habari uliporomoka kutoka gigabaiti 48 kwa sekunde hadi chini ya 17. Kwa nje tofauti haionekani kwa mtu asiyesoma maandishi madogo ya sanduku, na mitumba haina sanduku. Mafundi waangalifu huichomeka kwanza mbele ya mnunuzi, wakamwonyesha katika kiwambo aina ya kumbukumbu. Asiyekubali kuichomeka, heri aachwe na kadi yake.

Wazazi waliokuwa wakinung'unika walinyamaza kidogo walipoona kwamba kadi ile ile inayochora magari ya mchezo huharakisha pia kazi ya kuhariri video za harusi na za mazishi, na kwamba kijana anayejua kufufua mashine huitwa na shule, na duka, na kanisa. Hata hivyo sipendi kuuficha mchezo nyuma ya kazi. Mchezo ulikuja kwanza, na wengi waliendelea kwa sababu ya mchezo.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi, isipokuwa chache, prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Kwa hiyo wimbi jipya, la kizazi cha sita na cha saba, linashuka sasa likiwa zima kabisa na likiwa halitakiwi na wenye ofisi. Mtu wa Kibirichia aliyejijengea mashine ya kizazi cha tatu anapaswa kufikiri kabla ya kuhama, maana RAM yake ni DDR3, na mashine hizi mpya kwake aghalabu hutaka DDR4. Tena soketi ya umeme ya Dell nyingi za karibuni ni ya peke yake, wala haipokei pawasaplai ya dukani bila waya wa kugeuzia. Atakayehama sharti aiuze ya kale pamoja na RAM yake, abaki na SSD na kadi. Na kadi, ikiwa ni ile fupi ya wati 30, itaingia bila neno.