Kombe la Jules Rimet

Kombe la Jules Rimet lilikuwa tuzo iliyotolewa kwa mabingwa wa Kombe la Dunia la mpira wa miguu kuanzia mwaka 1930 hadi 1970. Lilibuniwa na mchongaji Mfaransa Abel Lafleur kwa umbo la Nike, mungu wa kike wa ushindi wa Wagiriki wa kale. Lilikuwa la fedha iliyopakwa dhahabu, lenye kitako cha jiwe la buluu, urefu wa sentimita 35 na uzito wa kilogramu 3.8. Mwaka 1946 lilipewa jina la Jules Rimet, rais wa FIFA wakati huo.

Historia

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kombe lilikuwa Italia. Kiongozi wa soka Ottorino Barassi alilificha ndani ya boksi la viatu chini ya kitanda chake, nalo likabaki salama. Hatari ilikuja lilipowekwa mbele ya watu.

Tarehe 20 Machi 1966 liliibwa kwenye maonyesho ya stempu huko Westminster, London. Baada ya wiki moja mbwa aitwaye Pickles alilikuta kusini mwa jiji, limefungwa kwa gazeti. Kisha Chama cha Soka cha Uingereza kilitengeneza nakala yake kwa siri.

Brazil ilipotwaa ubingwa kwa mara ya tatu mwaka 1970, ilipewa kombe moja kwa moja kulingana na kanuni. Lilionyeshwa Rio de Janeiro katika ofisi za shirikisho la soka. Mbele ya kabati palikuwa na kioo kisichopenya risasi, lakini nyuma palikuwa na ubao tu. Tarehe 19 Desemba 1983 liliibwa, na halijapatikana tena.

Thamani

Wengi huamini kwamba wezi waliliyeyusha. Hata hivyo halikuwa dhahabu tupu, hivyo madini yake yalikuwa na bei ndogo kuliko thamani yake ya kihistoria. Mwaka 1997 FIFA ilinunua nakala ya Uingereza mnadani kwa pauni 254,500, huku baadhi ya watu wakidhani ndiyo kombe halisi. Uchunguzi ulithibitisha kuwa ni nakala.

Sehemu ya kombe halisi inayojulikana kubaki ni kitako chake cha kwanza, kilichotumika hadi 1954. Kimehifadhiwa katika makumbusho ya FIFA mjini Zürich, Uswisi.