Asili ya neno "rap" si kifupisho

Mashabiki wengi wa muziki wa kizazi kipya hueleza kwamba neno rap ni kifupisho cha maneno matatu ya Kiingereza, "rhythm and poetry", yaani mapigo na ushairi. Maelezo hayo yanavutia, lakini historia ya neno lenyewe haiyaungi mkono.

Rap ni neno kongwe. Katika karne ya 14 Waingereza walilitumia kwa maana ya pigo. Kufikia karne ya 16 lilikuwa limepata pia maana ya kutamka jambo ghafla na kwa ukali. Katika miaka ya 1960, miongoni mwa Wamarekani Weusi, lilimaanisha kuzungumza kwa ufundi. Mwanaharakati Hubert Brown aliitwa H. Rap Brown kwa sababu ya umahiri wake wa kujibizana. Mwaka 1970 mwimbaji Isaac Hayes aliyapa mazungumzo yake juu ya ala jina la "Ike's Rap", na mwaka 1979 wimbo "Rapper's Delight" wa Sugarhill Gang ukalieneza neno hilo duniani. Kifupisho kilibuniwa baadaye.

Ushairi wenyewe haukukosekana. Kundi la The Last Poets, lililoanzishwa Harlem mwaka 1968, lilighani mashairi kwa kufuatisha ngoma, na wasanii wa rap waliofuata wamelitambua kuwa mtangulizi wao.

Nchini Tanzania, ambako Saleh Jabir alivuma kwa rap ya Kiswahili mwaka 1991, magazeti yaliuita mtindo huo muziki wa kufokafoka. Chungu kikichemka mno hufoka; mtu mwenye hasira naye hufoka. Bila kukusudia, Kiswahili kilipita njia ile ile ya Kiingereza, hadi kwenye usemi mkali. Hata hivyo, jina hilo linaupunja muziki huo, kwani tulikuwa tayari na kitenzi kughani, kilicho kati ya kusema na kuimba.

Anayetaka kujua kama rap ni ushairi asitegemee kifupisho, bali asikilize beti. Mtunzi wa tarbia huhesabu mizani 16 katika kila mshororo, 8 kwa kila kipande. Msanii wa rap hafungwi na hesabu hiyo: huzibana silabi au huzilegeza, mradi kina kiangukie kwenye pigo la ngoma.